Mbwa wa Kuazima

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya kupe. Majirani zangu pale mtaa wa Kikuyu waliponiona nimebeba begi na deli la barafu walidhani napeleka chanjo, mmoja akaniombea baraka, na mimi nikaitikia amina kwa kuwa sikuwa na muda wa kueleza. Kazi yangu ni ya maabara ya mifugo. Kutwa nainamia hadubini, natazama damu ya ng'ombe na mbuzi wa watu nisiowajua. Safari hii nilikuwa naifuata damu ya mbwa, tena si wale wa getini wanaolishwa kwenye sahani. Ni wale mbwa wa vijijini wanaojitembelea wenyewe, wanaolala zizini na kula wanachookota, na ambao hakuna anayewakumbuka mpaka siku fisi wakiingia.

Kupe akimng'ata mbwa humwachia vijidudu vinavyoingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa anashikwa na homa, ufizi unakuwa mweupe kama karatasi, mkojo unageuka rangi ya chai ya rangi. Wafugaji wanaujua ugonjwa wa namna hiyo kwa ng'ombe, wanauita ndigana mkojo. Kwa mbwa hawajahangaika kuupa jina. Mbwa akifa wanasema amekufa.

Mradi uliotutuma, ambao sitautaja, ulikuwa na ahadi moja nzuri. Kati ya vijiji tulivyopangiwa, kile kitakachokutwa na mbwa wagonjwa kuliko vingine kingepewa dawa ya kuua kupe na dawa ya kutibu mbwa kwa mwaka mzima, bure. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilikuwa nimechoka kutazama vijidudu vya wanyama ambao sitawaona wakipona, nikasema angalau hawa watapona.

Asubuhi tulikuwa watatu ndani ya gari. Mbele alikaa Daktari, mkuu wa msafara, kijana msafi mwenye kompyuta mapajani, mtu wa heshima zake na mwenye haraka. Dereva alikuwa Hamisi, Mrangi wa Kondoa, ambaye kabla hata hatujawasha gari alitangaza kwamba yeye ataendesha, atabadilisha matairi, atachemsha chai, lakini mate ya mbwa hayagusi. Tukamkubalia. Mimi nilikaa nyuma na deli, hadubini nimeifunga kwenye blanketi langu mwenyewe kwa sababu nazijua barabara za Mpwapwa.

Mbande tulikunywa chai, Kongwa hatukusimama. Kutoka Kongwa milima ya Mpwapwa inaanza kujitokeza mbele, na ukishazoea ubapa wa Dodoma unaona kama nchi imeamka na kukaa kitako. Mpwapwa mjini tulimtafuta bwana mifugo tuliyeambiwa angetusindikiza. Tukaambiwa yuko kwenye mafunzo. Nani anakaimu? Hakuna. Daktari akasema haidhuru, tutafanya wenyewe, akarudi kwenye kompyuta yake.

Baada ya Gulwe, tulipovuka reli, barabara ilianza kutukumbusha kwamba mvua zilikuwa zimetoka kupita. Palikuwa na makorongo mapya ambayo Hamisi aliyasalimia moja moja kwa matusi ya adabu. Kisha tukaanza kupanda. Kibakwe ni nchi ya vilima, na mwezi ule kila kilima kilikuwa kimevaa mahindi yaliyoanza kukomaa. Kandokando ya mashamba niliona vibanda vidogo vya miti, na katika kila kibanda mtu au mbwa, au wote wawili.

Alasiri tukafika kijijini, juu kidogo ya Kibakwe penyewe. Jina la kijiji nitalihifadhi, wametendwa ya kutosha. Mwenyekiti alitupokea amevaa koti la suti juu ya shati lililopigwa pasi.

"Mbukwenyi!" akatusalimu Kigogo, halafu akageukia Kiswahili. "Karibuni sana wageni wetu. Msiwe na wasiwasi, kila kitu kimeandaliwa. Mbwa wetu mtawaona kesho, na nyinyi wenyewe mtasema."

Daktari akamshukuru. Mimi niliyasikia maneno "nyinyi wenyewe mtasema" yakapita sikioni kama mengine yote ya ukarimu. Mama yangu ni Mgogo, nilipaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimekaa garini kutwa na mgongo ulikuwa unaniuma.

Wanaume walipewa chumba kwa mwenyekiti, mimi nikapelekwa kwa Mama Elia. Alikuwa mjane wa umri wa mama yangu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Elia, mwanawe wa pekee, yuko Morogoro anafyatua tofali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole na mlima. Ingia, maji ya kuoga yapo motoni."

Tulikula ugali na mlenda nje ya jiko jua likiwa bado halijazama. Akanionesha shamba lake kwenye mteremko, akaniambia habari za nyani. Nyani wa kule si wa mchezo. Wanaingia shambani familia nzima, wanavunja mahindi, wanakula kidogo na kutupa mengi. Mwanamke akiwapigia kelele wanamtazama tu, kwa sababu nao wamejua nani wa kuogopwa. Wanachokimbia ni mbwa.

"Bila mbwa wangu," alisema, "shamba lile ni la nyani. Mimi nitakuwa nimewalimia."

Nikamuuliza mbwa anaitwa nani. Akacheka. Kule mbwa hupewa jina la kumjibu jirani. Huna haja ya kugombana na mtu, unamwita mbwa wako kwa sauti wakati jirani anapita, ujumbe unafika. Wa kwake anaitwa Tuache. Alimpa jina hilo mwaka aliofiwa, shemeji zake walipoanza kulizungukia shamba la marehemu wakisema mwanamke peke yake ataliweza wapi. Alikuwa akisimama mlangoni jioni na kuita, "Tuache! Tuache!" mpaka wakaacha.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko shambani," akajibu, akaondoa vyombo.

Asubuhi uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona mkusanyiko kama ule. Watu wamevaa nguo za kanisani, kila mmoja ameshika mbwa kwa kamba, na mbwa wenyewe, ambao maishani mwao hawakuwahi kufungwa, wanajinyonga na kuzunguka na kuwafunga wenye mbwa miguu. Palikuwa na Watajibeba, palikuwa na Roho Mbaya, palikuwa na jike mmoja anaitwa Maneno Hayo aliyeletwa na bibi mpole kabisa. Hamisi alipanda juu ya boneti ya gari akabaki huko.

Tulianza kazi. Kwa kila mbwa nilipaswa kutafuta kupe masikioni, shingoni na katikati ya vidole, halafu kunyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, kutoa damu, na kupaka tone kwenye kipande cha kioo. Mbwa wa kwanza hakuwa na kupe. Wa pili hakuwa na kupe. Wa tatu alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, na ananuka dawa ya kuogeshea ng'ombe mpaka macho yakaniwasha. Kwenye masikio ya wa nne nilikuta vidonda vibichi, vidogo, vingi: mahali ambapo kupe waling'olewa jana yake kwa kucha.

"Daktari," nikasema, "hawa mbwa wameogeshwa."

"Tunachukua wanaoletwa," akasema. "Ndivyo ilivyopangwa."

"Na ni wazima mno. Kijiji hakiwezi kuwa na mbwa wazima watupu."

"Dada, watu wanangoja."

Nikaendelea. Nilikasirika, lakini kwa wakati ule nilidhani nakasirikia usumbufu tu wa kazi kuharibika kidogo.

Karibu na mchana alifika Mama Elia katika mstari, amefunga kitenge kipya, ameshika dume kubwa la manjano. Nikatabasamu, nikasema huyu ndiye Tuache. Nikachuchumaa, nikaushika mguu wake wa mbele, nikakuta umeshanyolewa. Tundu la sindano yangu lilikuwa bado bichi. Mbwa yule alikuwa wa mwenyekiti. Nilikuwa nimemtoa damu asubuhi ile ile.

Watu wakaangua kicheko, na mwenyekiti akacheka kuliko wote. Mama Elia hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa na sahani ya jirani mbele ya mgeni.

"Nimemwazima," akasema kwa sauti ya chini. "Mgeni anatazamishwaje uchafu?"

Hapo nikaelewa uwanja mzima. Mgeni akija kwenu unaazima kiti, unaazima birika, unaazima hata kuku wa kuchinja. Unafagia uwanja na mgonjwa unampeleka chumba cha ndani. Hawa walikuwa wameambiwa watu wa Dodoma wanakuja kutazama mbwa wao, basi wakafanya kama watu wenye heshima zao. Waliwaosha, wakawatoa kupe mmoja mmoja, na wale waliokonda, wenye homa, wasioweza kusimama, wakawafungia ndani. Daktari alisema kwa ukali kwamba mbwa huyo aondolewe, asihesabiwe mara mbili. Hakuuliza neno jingine.

Tulipopumzika kula nilimfuata Mama Elia nyumbani. Sikumwomba, nilimwambia tu, "Mama, nioneshe Tuache." Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye zizi la mbuzi. Mbwa alikuwa amelala juu ya mabua, amefunikwa gunia. Mdogo, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani. Aliposikia sauti ya mama alipiga mkia chini mara moja, akachoka. Nikamfungua mdomo: ufizi mweupe. Tumboni alikuwa wa moto. Masikioni kupe walikuwa wamejaa, hao hakuna aliyehangaika kuwatoa kwa kuwa hakuna ambaye angewaona.

"Tangu lini?"

"Siku hizi hizi. Kwanza aliacha kula. Halafu mkojo ukawa mwekundu. Nikasema huyu wa nini kumpeleka mbele za watu, wataniambia mama unafuga maiti."

Nilimtoa damu pale pale, kwenye zizi, Mama Elia akimshika kichwa na kumwambia maneno kwa Kigogo ambayo mtu huwaambia watoto wakichomwa sindano. Nikarudi ofisini kwa mwenyekiti ilipokuwa hadubini, nikaitazama. Sikuhitaji kutafuta. Vijidudu vilikuwa vimejaa ndani ya chembe, vya umbo la tone la maji, viwili viwili, ncha zikigusana. Vioo vyote vya asubuhi havikuwa na hata robo ya nilichokiona kwenye kile kimoja.

Nikamwita Daktari, akainama, akatazama. Sitamsingizia: aliona, na alisema "lo."

"Tumwingize kwenye hesabu," nikasema. "Na kesho tupite nyumba kwa nyumba. Wamewaficha wagonjwa kijiji kizima."

"Hakuletwa uwanjani. Tukianza kufuata wagonjwa majumbani, hapa hatutalingana na vijiji vingine. Na kesho tuna safari ya kurudi."

"Basi tumtibu."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Tuna dawa gani?"

Hatukuwa nayo. Gari zima tulilijaza sindano za kutoa, hatukubeba hata moja ya kutia. Kijijini wafugaji walikuwa na dawa ya ng'ombe, lakini chupa yenyewe ilikuwa haina hata karatasi, na dawa ile kwa mbwa ukizidisha kidogo umemuua mwenyewe. Bwana mifugo alikuwa mafunzoni. Jioni nilikaa na Mama Elia zizini, nikawatoa kupe wa Tuache mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo la mafuta ya taa, nikamwahidi kwamba nikifika Dodoma nitatuma dawa yenyewe pamoja na maelezo yake. Alinishukuru mno. Shukrani ile ilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimeuona ule ufizi.

Siku ya kurudi tulipewa kuku, viazi na mahindi mabichi, na mwenyekiti akamshika Daktari mkono kwa mikono miwili. "Mmewaona wenyewe," akasema. "Hata mkiwa Dodoma mtatukumbuka."

Tulikuwa tumeshapita Gulwe nilipouliza swali ambalo nilijiona mjinga kuliuliza. "Daktari, barua mliyowatumia ilisemaje?"

"Kwamba waandae mbwa kwa uchunguzi."

"Basi? Haikusema dawa itakwenda kwa wenye wagonjwa wengi?"

"Dada, wewe unawajua watu. Tungewaambia hivyo, wangetuletea wagonjwa watupu."

"Sasa umeletewa wazima watupu."

Akaifungua kompyuta yake. Hamisi aliongeza sauti ya redio. Nikasema turudi, tuwaambie, tuchukue siku moja zaidi. Daktari akasema ratiba, akasema mafuta, akasema ofisi ya Dodoma inangoja. Nikasema nishushwe Mpwapwa nirudi kwa boda, akasema vioo na damu vyote viko chini ya saini yangu. Nikalipakata deli mpaka Dodoma. Kuku wa mwenyekiti alikuwa miguuni pangu, analia kila tulipopita tuta.

Dodoma sikwenda nyumbani. Nilishuka na deli langu soko la Majengo, nikapita katikati ya magunia ya alizeti na karanga mpaka kwenye duka la dawa za mifugo ninalolijua, nikanunua dawa na sindano, nikaandika kipimo kwa herufi kubwa, nikakimbilia stendi kuwahi gari la Mpwapwa. Konda aliniuliza ni mzigo wa nini. Nikasema dawa ya mgonjwa. Mzigo ulikaa Mpwapwa siku chache, kisha mwenyekiti, niliyempigia simu, akatafuta boda wa kuufikisha, namshukuru kwa hilo.

Mavuno yalikuwa yamekaribia ripoti iliposomwa. Tuliitwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, tukapewa maji ya chupa. Kijiji kile kilitajwa kwa jina, kwamba mbwa wake wana afya nzuri kuliko vijiji vyote vilivyopimwa, kupe wachache, vijidudu haba, na kwamba pengine kuna cha kujifunza katika ufugaji wao. Nikanyoosha mkono. Nikasema niliyoyaona zizini, nikasema habari za mbwa wa manjano aliyeletwa mara mbili. Watu wakacheka kwa upole, mwenyekiti wa kikao akanishukuru kwa mchango wangu, tukaendelea. Dawa ikaenda kijiji kingine, upande wa bonde. Siwaonei kijicho, mbwa wao nao wanaumwa. Bahati yao ni kwamba siku tuliyofika kwao, katika safari nyingine, kulikuwa na msiba, hakuna aliyepata nafasi ya kutuandalia kitu.

Nimesafiri mara nyingi kwenda vijijini kuchukua damu na majibu, na kila mara nimerudi nikidhani watu wa kule ndio wasiojua. Safari hii nimejifunza kwamba tunapowaficha watu tunachokitafuta, watatupa kile wanachodhani mgeni anastahili kupewa, tena kwa moyo wote, na sisi tutakipima, tutakiandika na kukiita ukweli. Nimelijua hilo nikiwa nimechelewa, na aliyelipia kuchelewa huko si mimi.

Wiki moja baada ya kikao kile Mama Elia alinipigia. Nilimsalimu, akaitikia kwa furaha, upepo ukivuma kwenye simu na kitu kama debe kikigongwa.

"Uko wapi, mama?"

"Shambani, mwanangu. Siku hizi silali nyumbani, nipo kibandani na debe langu. Dawa yako ilifika salama, nimeitunza. Tuache alikuwa ameshaondoka siku mbili kabla. Nyani wamenila upande mzima wa juu, ila huku chini napambana." Kisha akapandisha sauti. "Lakini sikukupigia kwa hayo. Mwenyekiti ametusomea ripoti yenu mkutanoni. Tumeshinda! Mbwa wetu wamekuwa wa kwanza. Watu wamepiga makofi, wengine wamecheza. Sasa wamenituma mimi, kwa vile nilikupokea, nikuulize: hiyo dawa tuliyosikia inatolewa, tutaletewa lini?"

Nilikuwa maabara. Niliinuka, nikatoka nje, nikasimama juani. Nikamwambia. Nilimweleza polepole, kwa maneno mepesi, kwamba dawa ilikuwa ya kijiji chenye wagonjwa wengi, na wao wameonekana hawana.

Simu akaiweka chini. Nilisikia debe likigongwa tena, na Mama Elia akiwafokea nyani kwa Kigogo mpaka sauti ikamkauka. Halafu akarudi kwenye simu, anahema.

"Kumbe mlitaka wagonjwa," akasema. "Mimi wangu nilikuwa naye ndani, mwanangu. Si mngesema?"